Mama Mkwe Amechagua Beberu kwa Sura

Dada Mshauri, shikamoo, nishike mkono maana nimekwama, na kabla hujaanza kunicheka nisikilize kwanza, kwa sababu mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Hayo ni yako na mama, mimi simo."

Mimi na mama mkwe tunafuga mbuzi wa maziwa nyuma ya nyumba, yeye ndiye mwenye banda na mimi ndiye mkamuaji, na tunapendana kweli, wala sijipendekezi. Sasa mama alikuwa na beberu wake, Jemadari, pande la dume, sikio moja jeupe, ndevu mpaka kifuani, mama akiita anaitikia, na majike wote tulionao sasa ni mabinti zake, akaendelea kuwapanda hao hao mabinti, na vitoto vikaanza kutoka dhaifu, kimoja hakikuweza hata kusimama kunyonya, mama akakilea jikoni kwa chupa kikamfia mapajani, yeye analia na mimi nalia. Bwana mifugo alipokuja akatuchorea kwa chaki mlangoni mwa banda kwamba mtoto huchukua nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, sasa baba akiwa ndiye huyo huyo babu, robo ya urithi wa mtoto inakuwa imejirudia, nakala mbili za kitu kimoja, na ubovu uliokuwa umejificha hapo ndipo unapochomoza. Akasema Jemadari aondoke, ije damu ngeni.

Dada, kumshawishi mama ilikuwa kazi! Alininunia, akala peke yake, akaniambia nimekuja kumfukuza mwanawe. Mwishowe akakubali kubadilishana na fundi cherehani wa mtaa wa pili, dume kwa dume, akaenda kuchagua mwenyewe huku mimi nimebaki nakamua, akarudi uso unang'aa. "Mkwe wangu, fundi ana madume mawili, lakini huyu nilipomwona tu, moyo ukasema ndiye!"

Nikatoka nikamtazama. Sikio jeupe. Ndevu zile zile. Hata mlio! Nikajikaza nikasema hongera mama, kisha nikaenda nyuma ya banda nikampigia fundi, naye anajibu kwa furaha, "Kwani hamjui? Huyo si mtoto wa Jemadari wenu? Nilimleta jike wangu kwenu akapandwa, mmesahau?"

Sasa mama ameshampa jina Kipenzi, ananiletea chai bandani, anaimba, na Jumamosi anataka kumwingiza kwa majike ambao ni dada zake kwa baba. Nikisema namvunja moyo mara ya pili, nikinyamaza tunarudi kulea vitoto jikoni. Nifanyeje?

Mkwe Aliyekwama Bandani

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka, nisikudanganye, mpaka nilipofika kwenye kile kitoto cha jikoni. Hapo nikaacha. Poleni sana.

Tuanze na hesabu, maana naona umeikwepa. Kipenzi na majike wenu wamechangia baba tu, mama zao mbalimbali. Baba na binti walikuwa wanawapa watoto robo iliyojirudia. Ndugu wa baba mmoja wanawapa nusu ya hiyo, yaani thumuni. Mmeshuka, lakini hamjafika. Wala usijifariji kwamba thumuni ni kidogo, kwa sababu huo ni wastani tu, na banda ambalo ubovu umeshajionyesha halichezewi. Kipenzi asiwapande.

Na wewe nawe! Unamtuma mtu mwenye majonzi akachague beberu peke yake, ulitegemea alete nani? Mtu huchagua anachokipenda. Ulipaswa kufuatana naye, ukamuuliza fundi baba wa dume ni nani, mama ni nani, babu na bibi wa pande zote mbili, ndipo mtazame pembe. Posa ikija tunachimba ukoo mpaka tunafika kwa mama mdogo wa babu, ila kwa mbuzi tunaangalia sikio! Mumeo naye mwambie nimesema yumo. Anakunywa maziwa, yumo.

Leo hii mpigie fundi tena. Kwanza mwonye, kwa sababu sasa Jemadari yuko kwake, na kama kuna majike hapo aliowazaa yeye, balaa mlilolitoa kwenu limehamia kwa mwenzenu. Hakulitaka, na wewe ndiye unayelijua. Pili, muulize habari za lile dume lingine. Kama halina udugu na Jemadari wala na majike wenu, liazimeni msimu huu. Kipenzi hana kosa lolote. Majike wa majirani wasio ndugu zake anaweza kuwahudumia vizuri tu, na kwenu abaki, ila mjengeeni chumba chake cha mbao madhubuti. Beberu hajui thumuni.

Sasa mama. Kunyamaza si kumpenda. Ni kumwandalia kilio kingine. Mwambie kesho asubuhi, mkiwa wawili, na usianze na hesabu. Usianze na "nilijua tu," maana nitakufuata huko huko nikuzabe kofi. Mama hakukosea kumtambua aliyemkosa, alikosea kazi ya kumpa. Kwa hiyo anza hivi: "Mama, huyu uliyemleta ni mwana wa Jemadari." Kisha funga mdomo. Mwache amshike shingo, mwache alie akitaka, mwache acheke. Akishamaliza atakugeukia mwenyewe akuulize: "Sasa Jumamosi tunamleta nani?"