Samaki Mbichi Aliyeliwa na Mama

Jumapili, 18 Januari 1998

Leo nimesema maneno mpaka ploti yote ikapiga makofi. Wacha niandike kabla hayajapoa.

Natoka kanisani, napita mlango wa Aoko. Huyu ni mtoto wa marehemu ndugu yangu Jeconia. Baba yake sasa ni mimi, na hapa Kianda tumepakana ukuta. Namkuta na karai, anamtoa magamba ngege, samaki wa ziwa letu. Halafu, haki ya Mungu, anakata kipande, anakamulia limau, anatia mdomoni. Mbichi! Bila moto! Anafumba macho kama mtu anayeomba.

Ana mimba ya miezi mitano. Tangu Krismasi hakuna kitu kinakaa tumboni. Chai inarudi. Ugali unarudi. Hata maji. Amekonda mpaka kitambaa cha kichwa kinamlemea. Na hii ni mimba ya pili. Ile ya kwanza, mwaka juzi, alizaliwa kijana, hakulia. Tulizika.

Mumewe Nyamai akatoka ndani na kelele. Ni Mkamba wa Kitui, fundi wa mawe, kijana mzuri, lakini kwake samaki ni nyoka wa maji. Ati: unataka tuzike tena? Aoko akaanza kulia. Ati tangu juzi aanze kula mbichi hajatapika hata mara moja. Akanigeukia — Baba, si umwambie! Si nyanya alikuwa anakula mbichi akiwa na mimba yako?

Sasa mimi ni mtu wa kunyamaza? Nikasimama juu ya jiwe la kufulia. Nikawaambia. Mama alikuwa anashuka ziwani kila asubuhi. Mtumbwi ukifika, anachukua samaki bado anapiga mkia, anamng'ata kama muwa. Mimi nikatoka mzito kama debe la mahindi, na meno mawili. Mkunga alinidondosha. Nikapiga chafya! Viboko wawili walikuwa wanakula mtama wetu, waliposikia ile chafya wakarudi majini mbio. (Mmoja. Lakini mkubwa.)

Watu walicheka mpaka Mama Brandon wa mlango wa mwisho akamwaga sukuma wiki yake. Aoko akapangusa macho, akala kipande kingine.

Nyamai hakucheka.

Jumatatu, 19 Januari

Nyamai amekuja kazini kwangu, kwenye geti ninalolinda kule Ayany. Ni geti ambalo nikisema simama hata upepo unasimama. Lakini yeye hakuja kwa mzaha. Vumbi la mawe bado kwa nyusi.

Ati: Mzee, yule wa kwanza nilimbeba mimi mwenyewe kwa mkono mmoja. Alikuwa mwepesi. Siwezi kubeba mwingine. Sasa niambie kama mwanaume. Hiyo ya mama yako ni kweli ama ni zile zako?

Zile zangu!

Nikamwambia kweli kabisa. Nikaapa hata kwa kaburi la Jeconia. Akanishika mkono na mikono yake yote miwili, akasema asante, akaenda.

Nikaingia kwa kibanda nikakaa. Ni kweli? Hiyo hadithi nimeisema kwa matanga, kwa harusi, kwa baa, kwa wazungu. Mama aliniambia lini? Natafuta mdomo wake ukisema hayo maneno, siuoni. Naona mdomo wangu tu.

Jumatano, 21 Januari

Kliniki. Nyamai alikuwa na kazi, nikampeleka Aoko mimi.

Wamempima kilo. Zimeshuka tena. Sista akauliza, mama unakula nini? Aoko, mtoto asiyejua uwongo, akasema: ngege mbichi. Sista akaweka kalamu chini. Ati mbichi? Na hii kipindupindu imejaa kila mahali? Na minyoo? Na taifodi? Unajua hiyo tumbo ina mtu ndani? Akaambiwa kila kitu kipikwe mpaka kiive. Maharagwe. Maini. Samaki wa kuchemsha. Halafu ati: lakini usipokula kabisa, wiki ijayo tunakulaza, kwa sababu mtoto hakui.

Nani alikuambia mbichi ni sawa?

Aoko akanielekezea kidevu. Baba.

Sista akanitazama. Mimi nikatazama picha ya mama akinyonyesha iliyobandikwa ukutani. Nimeisoma yote. Ni picha nzuri.

Jioni Mama Brandon akamchemshia samaki mmoja, laini, na nyanya. Aoko akajaribu kwa heshima. Kijiko cha tatu kikarudi, na cha kwanza na cha pili nyuma yake. Nyamai alimshika mabega.

Sasa mtu afanye nini? Mbichi anakaa, lakini sista anasema anaua. Aliyeiva haui, lakini hakai. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, na nilikuwa nambari mbili. Hii hesabu imenishinda.

Ijumaa, 23 Januari

Amekula mbichi kidogo, kwa kujificha. Nilisikia kupitia ukuta. Hakutapika. Ameimba akiosha vyombo.

Sijalala vizuri.

Jumamosi, 24 Januari

Nimetembea mpaka Kawangware kwa dada yangu Filister. Yeye ndiye mkubwa wetu. Nilipozaliwa alikuwa tayari anachota maji. Kama kuna mtu anajua, ni yeye. Anakaanga samaki kando ya barabara ya kwenda Riruta.

— Omera, ndugu yangu! Simama upande huu, moshi utakula hiyo koti yako ya ubwana. Nani amekufa?

— Hakuna.

— Basi unataka kula bure.

Nikamuuliza moja kwa moja. Mama alikula samaki mbichi akiwa na mimi?

Alicheka mpaka wateja wakageuka. Nani alikuambia? Nikasema, najua tu. Mzito kama debe la mahindi, na meno—

— Wewe? Debe? Wewe ulikuwa kama panya wa mto! Ulilala kwa ungo na nafasi ikabaki. Tulikuwa tunakupulizia uso kuona kama uko.

Halafu akaacha kucheka. Akasema, lakini mbichi Mama alikula. Kwa wale wawili mbele yako. Kwa hao hakutaka kitu kingine. Wakazaliwa wazuri, wanene. Wote wawili wakaenda kabla ya kutambaa. Ilipofika mimba yako, nyanya yetu akamkataza. Hakuna mbichi! Ukatoka hivyo ulivyotoka. Wakakulaza kando ya njia kama kitu kilichotupwa, mwanamke wa mbali akakuokota, ndio kifo kisikujue. Ukaitwa Ojwang', aliyetupwa.

Hiyo ya kutupwa naijua. Jina nimelibeba miaka hii yote na nimelipigia hadithi kumi. Ya samaki sikujua.

Nikauliza, kwa hivyo samaki ndiye aliwaua?

— Mimi nilikuwa mtoto. Nyanya alisema samaki. Mama alisema surua, maana miaka hiyo kila boma lilikuwa na kaburi dogo. Walibishana mpaka nyanya akafa.

— Na wewe unasemaje, dada?

— Nasema geuza hiyo samaki inaungua, si uko na mikono?

Nikageuza. Akanifungia wawili wa kukaanga, ati mpelekee Aoko, mwambie shangazi yake anasema ale. Ale nini? Hakusema ale nini!

Nimerudi kwa miguu polepole. Hadithi yangu si uwongo. Na si kweli. Ni ya watu wengine, na watu wenyewe hawapo. Waliokula mbichi walikuwa wanene wakafa. Aliyenyimwa alikuwa panya na ndiye huyu anaandika. Lakini surua! Surua haiulizi mama yako alikula nini.

Kesho nitamwambia Aoko. Yote. Nitaanza na nini?

Jumapili, 25 Januari

Wale wa kukaanga wamerudi jana usiku. Wote. Na leo asubuhi Aoko amesimama, akashika ukuta, akakaa tena.

Nimeenda kwao nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga. Nikafungua mlango. Nyamai amekaa na gazeti mapajani. Ndani ya gazeti, ngege. Ameenda sokoni yeye mwenyewe! Mkamba! Anamshika mkia na vidole viwili, uso umegeukia dirisha.

Ati: Mzee, karibu. Nimefikiria wiki nzima. Sista ni mtu wa vitabu, hajui watu wa ziwa. Lakini wewe uliapa kwa kaburi la ndugu yako, na mtu haapi hivyo kwa mchezo. Nimekuamini. Ale. Na mimi leo nitaonja, ndio asile peke yake.

Aoko akamcheka, ati utakufa wewe kabla ya mtoto kuzaliwa. Wakacheka wote wawili. Siku nyingi sijasikia hivyo.

Nikasema, wacheni leo tukaange kwanza. Aoko akasema, Baba, umeona mwenyewe jana. Nikasema, kuna kipindupindu. Akasema, si ilikuwako hata Jumapili ile? Nikasema, Filister anasema— Filister anasema nini? Wote wawili wananitazama. Yule mwepesi aliyebebwa kwa mkono mmoja, nikamwona hapo katikati yao.

Nikasema anawasalimu.

Sasa kisu cha Aoko hakikati. Ati Baba, lete chako, unajua kukata vizuri, na leo utuambie tena ile ya nyanya, Nyamai hakuisikia vizuri siku ile.

Niko chumbani kwangu. Kisu kiko mkononi, kalamu kwa mkono mwingine. Nawasikia kupitia ukuta.

Nyamai: Mzee amepotea wapi?

Aoko: Mwache. Baba lazima akinoe kwanza.

Nimechukua jiwe, nimeanza kunoa. Kisu kina makali tayari. Bado nanoa.