Wilaya za Pemba kwenye kizuizi cha Nyakahura

Suzan, wamenishusha kwenye basi hapa Nyakahura, eti mimi Mrundi. MIMI, mzaliwa wa Ngara!

Nilikuwa napiga soga na jirani yangu wa kiti, Nduwayo. Mimi Kihangaza chetu cha Ngara, yeye Kirundi, lugha zinazosikilizana. Tukashushwa wote.

Afisa wa uhamiaji akaniambia, "Kama wewe Mtanzania, taja wilaya za Pemba." Pemba, Suzan! Nikasema Chake Chake, nikakwama.

Nduwayo, mkimbizi wa juzi tu, akazitiririsha kama anasali rozari: Micheweni, Wete, Chake Chake, Mkoani. Kafundishwa kambini! Afisa akasema, "Huyu ndiye Mtanzania. Panda basi."

Kapanda! Basi limeondoka! Mimi nimefungiwa kwenye kontena lao la mahabusu.

Njoo unidhamini. Ila kariri kwanza za Unguja, maana wadhamini nao wanaulizwa.