Mwanamume Mwenye Maziwa

Walukuba, Jinja

Mdogo wangu Juma,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na kile kikohozi cha vumbi la sabuni kiwandani kimepungua. Hali yako nakuuliza nikijua si nzuri, maana arobaini ya mkeo, marehemu Salma, ndiyo kwanza imepita. Aisha je, bado anatapika maziwa ya kopo? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuko wawili. Shangazi Mariamu akikaa karibu, wewe unajibu "ndiyo dada" tu.

Uliniambia shangazi anataka kumchukua mtoto akamlee kwake Soroti, eti mwanamume hawezi kulea kichanga, na kwamba majirani hapo Mbale wanacheka wakikuona unamwogesha. Siku ile sikukujibu. Nitakujibu leo, ila kwanza nikusimulie kitabu.

Jumamosi tunakutana watu wachache kusoma kwa Mwalimu Nabirye, mama mmoja mstaafu wa hapa. Anapenda vitabu vya mambo ambayo hayajawahi kutokea duniani. Cha kwanza kilikuwa cha mji ambao kila mtu huvaa kinyago, hujui yupi mume yupi mke mpaka siku ya kumzika. Hicho kilinichosha. Watu wake wanahutubiana tu, hakuna hata mmoja anayekula chakula.

Cha pili ndicho kilichonivuruga. Katika nchi hiyo, mwanamume akifiwa na mke aliyeacha kichanga, kifua chake hujaa maziwa. Mmoja wao, mjenzi wa madaraja, anajifunga kitambaa kifuani watu wasijue. Mtoto analia njaa, baba amejifunga. Nilisoma kwa hasira, Juma, natamani niingie mle nikakichane kile kitambaa. Mwishowe alikifungua mwenyewe, sokoni, mchana.

Tulipokijadili, bwana mmoja muuza vipuri akasema, "Huu ni uchafu. Mungu ameumba mume na mke, kila mmoja na kazi yake." Wengine wakacheka. Mimi nisiyesema kitu nikajikuta nimesimama.

"Baba yangu alikuwa askari," nikasema, "na alimlea mdogo wangu tangu akiwa kichanga."

Nikawaeleza yale ambayo wewe huwezi kuyakumbuka. Mama alipofariki kwa uzazi wako, Baba alikufunga mgongoni kwa leso ya Mama, juu ya sare ya jeshi, akaenda kutafuta maziwa ya ng'ombe. Wenzake kambini walimwita "Afande Mama". Mimi alinisuka nywele mwenyewe, mistari imepinda kama njia ya mlimani, nikaenda shule hivyo hivyo.

Yule bwana akaniuliza, "Na hakuoa?"

"Alioa, mtoto alipoanza kutembea."

Akasema taratibu, "Mimi wangu wanne, sijawahi kumwogesha hata mmoja." Kitabu akakiazima tena, akaondoka nacho.

Nilipofika nyumbani nikampigia Baba hapo Mbale. Nikamuuliza, "Baba, walipokuita Afande Mama, uliona aibu?"

"Sana," akasema. "Lakini mtoto alikuwa analia."

Basi jibu langu ni hili, mdogo wangu. Ukichoka, sema umechoka, tutampeleka Soroti na hakuna atakayekulaumu. Shangazi anampenda, hilo najua. Lakini usimtoe mwanao kwa sababu ya vicheko vya watu. Nimeomba ruhusa kazini na msimamizi amekubali. Nakuja Ijumaa, nikae nanyi mpaka uzoee. Nitakuonyesha jinsi ya kumcheulisha ili asitapike, na usiku tutapokezana.

Msalimie Baba, mwambie magoti yake nitayaletea dawa ya kuchua. Shangazi mpe salamu zangu za heshima, wala asidhani nakuja kugombana naye. Msalimie mama jirani anayekuletea uji. Aisha mbusu nyayo zote mbili.

Jambo moja zaidi. Baba ameniambia unaanika nepi chumbani, zisionekane. Zitoe uani, Juma. Zipate jua.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Zainabu