Guka na Fundi Renesansi

Guka,

Babu yangu, umeniachia balaa. Wewe umelala kaburini huko Giakanja kando ya migomba yako, mimi huku nabishana na kamati nzima ya ushirika kwa ajili ya daraja lako.

Ile nyumba uliyomjengea mzungu, yenye minara minne na handaki la maji kuizunguka, sasa ni ya ushirika wetu. Wanataka kuifanya stoo ya maziwa. Mwenyekiti anasema daraja lako la mawe la kuvukia handaki ni pambo tu, lori likipita litaporomoka. Ati livunjwe, handaki lifukiwe. Watu wakapiga makofi! Wanasema linawakumbusha ule mtaro wa kuzunguka kijiji wakati wa Imajensi, serikali ya wakoloni ilipowafungia vijijini. Hata wewe ulizoea kusema: "Kijijini walituchimbisha tusitoke, huyu akatuchimbisha tusiingie."

Lakini nikuambie jambo, na usikasirike. Unamkumbuka Renesansi? Yule fundi uliyemwonea wivu mpaka kufa, kwa sababu kila siku mzungu alitaka dirisha la Renesansi, tao la Renesansi? Uliapa ukikutana naye utampiga na mwiko. Guka, Renesansi si mtu! Nilimuuliza mwalimu. Ni zama za huko kwao Ulaya, karne nyingi zilizopita. Mizinga ilikuwa imeshazishinda kuta, lakini matajiri wakaendelea kuchimba mahandaki, ya maringo tu, wajionee minara yao majini. Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unashindana na nani? Nilicheka mpaka mwalimu akanifukuza. Huko nje nikalia kidogo. Vumbi, bila shaka.

Basi yale matao ni yako peke yako. Nikasimama mkutanoni, mimi niliyeishia darasa la sita, nikasema, "Guka alijenga. Halianguki." Mwenyekiti akanijibu, "Kijana, mdomo haubebi lori." Nikamwambia lori likipita, mimi nitakuwa chini ya daraja, majini. Daraja likihimili, halivunjwi. Wakakubali haraka, hata hawakunisihi!

Ni kesho asubuhi, lori likiwa limejaa. Cucu, mke wako, amekataa kuongea na mimi. Ati nimerithi kichwa chako.

Kwaheri, Guka. Pumzika, lakini kesho usisinzie. Naahidi sitatoka chini ya tao mpaka tairi la mwisho lipite. Daraja likihimili, nitachonga jina lako kwenye jiwe la katikati. Likianguka, jitayarishe. Nakuja kukugombeza mwenyewe.

Mjukuu wako wa mdomo mrefu