Mstari Mweupe wa Mtaa wa Mbaazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kariakoo, Dar es Salaam. Jumamosi, tarehe 23 Julai 1955, saa nane mchana.

Jina: Euphrasia binti Wilbert
Umri: Miaka 15
Kabila na dini: Mchaga wa Kibosho, Mkristo
Kazi: Mwanafunzi wa darasa la nane, shule ya wasichana ya misheni
Makazi: Mtaa wa Mbaazi, nyumba namba 14, nyuma ya duka la baba

Nimeonywa na Sajini Kasmir kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu. Baba hajui kwamba nipo hapa, ila nimemwachia barua juu ya mizani ya dukani.

Nimekuja kwa sababu ya Nassibu, mpangaji wetu, ambaye ni tarishi katika ofisi ya ramani. Amewekwa ndani tangu juzi. Inasemwa kwamba alitoa siri ya ramani mpya ya barabara akaichora kwa chokaa mtaani. Nassibu hakuchora. Aliyechora ni mimi.

Nianze na marehemu Wakili Vasant. Alikuwa Mhindu, umri wa miaka 71, na ofisi yake ilikuwa ghorofani, mkabala na viwanja vya Mnazi Mmoja. Nilimfahamu mwaka jana alipokuja shuleni kutufundisha kusoma ramani. Wazee wa mtaa wetu wanasema kwamba tangu wao ni vijana, kila serikali ilipotaka kuhamisha watu au kujenga kwenye uwanja wa wazi, yeye ndiye aliyewaandikia pingamizi. Mabomba manne ya maji ya mtaa wetu aliyadai kwa miaka tisa.

Sheria inataka ramani ya barabara mpya itundikwe ofisini ili watu waione na kupinga wakitaka. Wakili alisema ramani ya ukutani haimwambii neno mtu asiyejua kusoma. Kwa hiyo alinakili vipimo, akaja mtaani, akaichora barabara juu ya ardhi kwa ukubwa wake wenyewe. Mstari ulipita popote ambapo barabara ingepita: uani, jikoni, hata chini ya kitanda cha mtu.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Tulitumia kamba ya katani ya futi mia, yenye pete ya chuma mwishoni. Yeye alitangulia na pete. Mimi nilishika ncha ya pili, vigingi, nyundo na kopo la chokaa. Nyumba zilitukinga tusionane, naye hakupenda kupiga kelele. Akivuta kamba mara mbili, maana yake nipige kigingi nilipo na kumwaga chokaa. Akivuta mara moja, maana yake niache maneno nifanye kazi. Mvuto huo wa mara moja niliupata mara nyingi.

Mnamo tarehe 9 Julai, Jumamosi, saa tatu asubuhi, tulichora barabara iliyokuwa kwenye ramani ya kwanza. Ilipita katikati ya jiko la Mama Celina, anayeuza maandazi. Mama Celina alisema, "Wakili, hiyo barabara yako imeingia kwenye chungu changu cha maharage! Hilo lori likija litaleta na nazi?"

Wakili alijibu, "Siyo yangu, mama. Nimekuletea tu uione kabla haijafika."

Watu walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Mtoto wa Kichaga anatupimia makaburi."

Wakili Vasant alifariki Jumanne, tarehe 12, alfajiri, akiwa usingizini. Alichomwa siku hiyohiyo kwa desturi yao. Siku ya pili nilikwenda kutoa pole. Binti yake, Bi Urmila, alinipa ile kamba. Alisema, "Baba aliniambia Jumatatu jioni: mpe yule mtoto, kazi haijaisha." Niliipokea. Sikulia mbele yake.

Wakili alikuwa na kanuni kwamba mstari ukifutika urudiwe mpaka siku ya mwisho ya pingamizi, asije mtu akasema hakuuona. Kwa hiyo Ijumaa, tarehe 15, saa saba mchana, nilitoka peke yangu kuurudia. Nilichagua saa hiyo kwa sababu wanaume wako msikitini na maduka yamefungwa. Baba alikuwa Kivukoni kupokea magunia. Mtaa ulikuwa mtupu. Nakumbuka kwamba hata kunguru hawakulia.

Niliipachika pete kwenye kigingi cha kwanza, penye mabomba. Nikazunguka kona na ncha yangu mkononi kwenda barazani nilikoacha kopo la chokaa. Nilipoinama kulichukua, kamba ilikaza. Kisha ikavutwa mara mbili.

Nilidhani ni Nassibu, ametoka msikitini mapema. Nilipiga kigingi, nikamwaga chokaa kuifuata kamba. Nilipofika kwenye kona, pete haikuwapo penye kigingi. Kamba ilikuwa imeuacha mstari wa zamani ikakata kushoto, ikapita kando ya jiko la Mama Celina bila kuligusa, ikaingia nyuma ya nyumba zetu. Ikavutwa mara mbili. Nikafuata.

Hivyo tulikwenda vigingi saba. Nasema tulikwenda kwa sababu sijui neno jingine. Penye kigingi cha nne niliita, "Ni nani huko?" Kamba ilivutwa mara moja.

Kigingi cha saba ni kwenye kizingiti cha duka la baba. Kamba ilikuwa imeingia dukani kwa chini ya mlango. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje na ufunguo alikuwa nao baba, Kivukoni. Kamba ilivutwa mara mbili kutoka ndani. Nilipiga kigingi. Halafu ikalegea, nikaivuta, pete ikatoka. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichoshikwa muda mrefu. Wakati huohuo watu walitoka msikitini na Nassibu akiwa kati yao.

Jioni baba alisema, "Umewahi kuona wapi mtoto anapitisha barabara kwenye sahani ya baba yake?" Watu walisema nimekosea vipimo. Mama Celina alisema, "Chokaa ya Wakili haijawahi kutudanganya. Andika, mwanangu." Niliandika pingamizi kwa Kiswahili, kwa namna aliyonifundisha, nikifuata mstari mpya. Watu 43 waliweka dole gumba. Baba alikuwa wa mwisho. Tulilipeleka ofisi ya ramani Jumatatu, tarehe 18.

Jumatano, tarehe 20, ofisi iliondoa ramani ya kwanza na kutundika nyingine. Barabara imekata kushoto penye mabomba na kuishia dukani kwa baba. Nimeipima mwenyewe kwa rula. Ni ileile. Alhamisi, tarehe 21, Nassibu alikamatwa.

Nimeulizwa ni nani alishika pete. Nimejibu kwamba sikumwona. Nimeulizwa namdhania nani. Nimejibu kwamba tumefundishwa shuleni tusiandike tusichokiona kwa macho.

Ninaomba Nassibu aachiwe. Ninaomba pia pingamizi letu lisomwe lote, maana kurasa mbili za mwisho zinaeleza pale ambapo barabara inaweza kupita bila kuvunja nyumba hata moja. Kamba nimekuja nayo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nikasahihisha neno moja, nayakubali.

Sahihi: Euphrasia Wilbert

MAELEZO YA OFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Kasmir, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi. Kamba nimeipokea kuwa kielelezo. Ili kuipima, nilibaki na ncha moja mezani, nikamtuma Konstebo Awadhi kuzunguka nyuma ya kituo na pete. Kamba ilivutwa mara mbili. Nikaandika kipimo: futi mia kamili.

Konstebo Awadhi aliingia baadaye kuomba radhi kwa kuchelewa. Anasema pete aliiacha juu ya ukuta alipoitwa getini, na hakuvuta.

Nassibu ameachiwa saa kumi na nusu alasiri. Pingamizi nimelisoma lote.

Kasmir, Sajini