Psss ya Viena

Mama Njeri mpenzi,

Huku Viena kuna baridi hata friji ni za nini sijui. Leo wajumbe wa nchi zote walikuwa wanajadili kuacha gesi ya friji inayoharibu ozoni huko juu angani. Mimi, fundi wa friji kutoka Kiganjo, nikaitwa mbele nionyeshe vile tunapima friji. Si unajua wateja wetu hawaamini kuna gesi mpaka waisikie? Nikafungua vali kama kawaida: psss!

Ngai! Ukumbi wote ukanigeukia. Mkubwa wa ujumbe wetu akaninong'oneza, "Fundi, hiyo imeenda wapi?"

Nikaangalia juu.

Nimekumbuka chai yako sana. Njeri asiseme tena shuleni ati baba ameenda kuokoa anga. Akiulizwa, aseme niko tu hapo Ruiru.

Wako mwenye aibu,
Baba Njeri