Kofia ya Usupavaiza

Buffalo, Marekani, Alhamisi, Februari 2015

Na mimi nimechorwa. Mzee Gopal, aliyekuwa mchora katuni wa gazeti kwao India na sasa anapanga maboksi nasi ghalani, huwa anawachora mabosi tu. Sisi tunacheka mpaka machozi.

Jumatatu nilipewa usupavaiza. Leo nimekuta katuni kwenye mlango wa chumba cha kulia: kichwa kidogo, kofia kubwa, nimekaa juu ya maboksi wanayobeba wenzangu. Wenzangu wamecheka kama kawaida.

"Usikasirike, kijana," Mzee akaniambia. "Siku ukishushwa cheo, nitaacha kukuchora."

Nikajichekesha. Jioni, nikipanga kazi za kesho, nikamweka yeye chumba cha baridi, kule kwenye nyama.

Halafu nikalifuta jina lake pale. Ile kofia ilikuwa imeshaanza kunitosha.